Kinga Si Shati
(Mazungumzo na wamama siku ya kupima watoto)

Watoto wamekwisha kupimwa kilo, karatasi zenu ziko kwenye meza. Wakati tunangojea sindano, tuzungumze kidogo juu ya kinga. Sisemi ile kinga inayoletwa na chanjo ya surua. Nasema kinga ya magurudumu mbili, ile inayoleta makala kutoka porini mpaka Manika na Dilala, na kubeba mifuko ya wachimbaji.

Pengine mutasema: kinga ni jambo ya wanaume na mafundi. Lakini kijana akiumia, nani anamleta hapa? Ni mama.

Siku moja mama mmoja alileta kijana wake wa miaka 12. Baba alimnunulia kinga ya mtu mzima, ya gurudumu 28, akasema: “Atakua nayo.” Munajua tunavyofanya na shati ya masomo: tunanunua kubwa, tunakunja mikono, na mwaka wa pili bado inamfaa. Kinga haikunjwi. Kijana akikaa kitini, ni ncha za vidole tu zilizogusa pedali ya chini. Akafika kwenye shimo la barabara, akakamata freni kwa ghafula, akateleza mbele ya kiti. Miguu haikufika chini. Akaangukia ile chuma ya juu, katikati ya mapaja.

Aliona haya, akanyamaza usiku mzima. Asubuhi mkojo ulikataa kutoka, na kulikuwa matone ya damu. Alipona, lakini baada ya siku nyingi kitandani. Njia ya mkojo ikipasuka hivi inaweza kuacha kovu, na kovu hilo linaweza kuziba mkojo hata baada ya miaka.

Basi mushike hii kwanza. Mtoto akiangukia chuma ile, kisha mukaona damu, au hawezi kukojoa, au pale panavimba na kuwa peusi, mumlete siku ile ile. Musimlazimishe kusukuma mkojo. Musimkaripie, maana akiogopa ataficha. Tena kama ncha ya usukani ilimpiga tumboni, hata ngozi haina kidonda, na tumbo linazidi kuuma, anatapika au anakuwa mweupe, hiyo pia ni haraka.

Sasa namna ya kuchagua. Mwende sokoni pamoja na mtoto mwenyewe, amevaa viatu anavyovaa kila siku. Asimame mbele ya kiti, chuma ya juu katikati ya miguu yake, nyayo zote mbili zikae chini kabisa. Kati ya mwili na chuma lazima vidole viwili vipite. Kwa barabara zetu zenye mashimo, mimi nataka vinne. Zile kinga kubwa za gurudumu 28 mara nyingi mwili wake wa chuma una inchi 22 au 24, ndiyo sentimeta 56 au 61, kutoka katikati ya pedali mpaka pale chuma ya kiti inapoingia. Hata wanaume wengi inawafaa ile ya 22. Kwa mtoto wa miaka 10 zote mbili ni kubwa. Mumtafutie gurudumu la 20 au 24. Namba imeandikwa kwenye pine. Kama nyumbani iko kinga kubwa moja tu, ile ya wamama, yenye chuma iliyoshuka, hatari yake ni ndogo zaidi.

Kisha kiti. Mtu akae, mwingine ashike kinga. Aweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Akiendesha, ataweka mbele ya wayo pale, na goti litakunjwa kidogo. Ndiyo kipimo chake. Bwana akirudi na makala na kusema magoti yanauma upande wa mbele, mutazame kiti mbele ya kununua dawa ya kupaka. Mara nyingi kiko chini mno. Maumivu yakiwa nyuma ya goti, pengine kiko juu mno. Wenye mzigo mzito wanaweza kukishusha kidole kimoja au viwili, ili mguu ufike chini upesi. Anayejifunza, akishushe mpaka nyayo zote zikae chini. Na mukipandisha, vidole vinne vya chuma ya kiti vibaki ndani, kama sivyo itavunjika.

Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya kinga za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Vijana wameona picha kwenye simu, na sasa wamoja wanashusha usukani na kupandisha kiti ili wainame kama wale. Wale wanainama sababu ya upepo, maana wanakimbia sana. Mwenye mfuko wa makala nyuma anakwenda polepole, upepo si kitu kwake. Yeye anahitaji kuona mashimo. Usukani wake uwe sawa na kiti, au juu kidogo.

Kinga yangu iko nje, chini ya mwembe, na ufunguo uko kwenye mfuko wangu. Anayetaka kujaribu kile kipimo cha kisigino aje baada ya sindano. Sasa, mwenye karatasi ya kwanza aingie na mtoto.