Kabla muuguzi hajapanda ndege

Mkataba wa Kenya na Uingereza wa kupeleka wauguzi kufanya kazi Uingereza, uliotiwa saini Julai 2021, ulilenga wauguzi waliohitimu lakini hawana ajira. Huku Kwale, kutoka Mkongani hadi Diani, wapo wazazi waliouza mifugo kumsomesha mtoto uuguzi, pengine papo hapo kwenye chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC Msambweni.

Kisichozungumzwa sana ni mafunzo yanayomngoja muuguzi akishafika Uingereza. Muuguzi wetu wa stashahada hufundishwa uuguzi wa jumla, ukunga, afya ya akili na afya ya jamii kwa pamoja. Uingereza mambo hayo yametenganishwa. Aliyezoea kuzalisha usiku kwenye kituo kisicho na daktari huambiwa ukunga una usajili wake, asiuguse. Kisha anakabiliwa na mtihani wa vitendo uitwao OSCE, wenye vituo 10: kumpima mgonjwa, kupanga huduma, kumpa dawa, kuandika kila hatua, na dakika zinahesabiwa. Asipohakikisha jina la mgonjwa na mzio wake kabla ya kumpa dawa, anaweza kuanguka. Hadi afaulu, hafanyi kazi kama muuguzi kamili.

Mtihani wenyewe siupingi, unamlinda mgonjwa. Kinachoniuma ni kijana wetu kukutana nao mara ya kwanza ugenini, kwenye baridi, na madeni ya safari mgongoni. Vyuo vyetu viwape wanaotaka kusafiri chumba cha mazoezi na wakufunzi waliokwisha kuupita mtihani huo. Na serikali iwaajiri wanaotaka kubaki, maana Mkongani nako kuna wagonjwa.