Sauti nzito si hoja nzito

Juma hili nataka tulipime neno moja dogo ambalo kila mmoja wetu hulitumia bila kulifikiria. Ni neno "nzito", pale tunapoisifia sauti ya mtu.

Kwa asili hili ni neno la mizani. Tunasema mzigo mzito, gunia zito, mizigo mizito. Kutoka kwenye mizani likahamia masikioni. Sauti haina kilo, lakini ngoma kubwa inapovuma au radi inaponguruma, mlio wake husikika kama kitu kinachotua chini kwa kishindo. Ndipo tukasema mlio mzito, sauti nzito. Wengine husema sauti nene, na wapenzi wa muziki husema besi. Kinyume chake ni sauti nyembamba.

Hapo pana jambo ambalo wengi tunalichanganya. Sauti nzito na sauti ya kukwaruza ni vitu viwili. Uzito hutokana na kasi ya mtetemo wa nyuzi za sauti zilizo kooni. Za mwanamume mzima ni ndefu na nene zaidi, nazo hutetema kiasi cha mara 100 hadi 130 kwa sekunde. Za mwanamke hutetema kiasi cha mara 200. Ndiyo maana mvulana akibaleghe sauti yake hushuka. Mkwaruzo ni jambo jingine: hutokea nyuzi hizo zinapotetema bila mpangilio, au zinaposhindwa kufunga sawasawa na pumzi ikavuja. Kucha zikipita ubaoni hukwaruza, wala hapana uzito wowote.

Wapo waliojaliwa vyote viwili. Marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito na yenye mkwaruzo, na alipata tuzo ya kimataifa ya WOMEX mwaka 2005. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake.

Lakini mtu ambaye sauti yake ilikuwa laini, kisha ikaanza kukwaruza, asifurahie akiambiwa kwamba sasa ana sauti ya mtangazaji. Mpiga debe wa stendi, mwalimu wa darasa lenye watoto wengi, mhubiri na mvuta sigara, wote wanaijua hali ya kupwewa na sauti. Mara nyingi ni mafua au kelele nyingi, na mapumziko huiponya. Ikipita wiki tatu bila kupona, nendeni kwa daktari, hasa wavuta sigara, kwani huenda ikawa dalili ya saratani ya koo. Ikigunduliwa mapema, nafasi ya kupona ni kubwa.

Sasa turudi kwenye neno letu, kwani halikuishia masikioni. Tunasema pia mtu mzito, yaani mwenye cheo, na hoja nzito, yaani yenye maana. Basi bila kujua tunaunganisha. Mwenye sauti nzito akisimama mkutanoni tunadhani ana hoja nzito, na mwenye sauti nyembamba tunamkatiza kabla hajamaliza. Anayeumia zaidi ni mwanamke. Hata Margaret Thatcher wa Uingereza, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1979, alifundishwa kuishusha sauti yake ili asikilizwe. Ikiwa mtu wa ngazi hiyo aliona haja ya kufanya hivyo, mama anayesimama kwenye kikao cha wazazi kulalamikia madawati ya shule atafanyaje?

Cha ajabu ni kwamba lugha yetu yenyewe imeshatuonya. Neno hilohilo la -zito tunalitumia kwa mtu mzito wa kuelewa, na kwa mwenye ulimi mzito asiyeweza kujieleza. Na wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Tazameni pia ngoma: hutoa mlio mzito kuliko vyombo vingi, na ndani yake hamna kitu ila hewa.

Sisemi tuwachukie wenye sauti nzito. Baadhi yetu tunaifanya kazi hii ya redio kwa sababu yake, na ni zawadi ya maumbile kama urefu wa kimo. Ninachoomba ni kidogo. Katika kikao chenu kijacho, iwe cha mtaa, cha chama cha wafanyakazi au cha ukoo, mtu akimaliza kusema jiulizeni amesema nini, kabla hamjasema amesema vizuri. Na mwenye sauti nyembamba akisimama, mwacheni amalize. Huenda gunia la maneno yake ndilo zito kuliko yote kwenye mizani.