Himaya ya Mola Siku za Dhiki: Ushahidi wa Mwana Kupona



Aghalabu mtu akisikia kwamba fulani amekimbilia kwa Mola wake, hudhani kuwa huyo amekwisha kushindwa na dunia na ameyapa kisogo mambo yake. Na dhana hiyo, ijapokuwa imeenea hata miongoni mwa wasomi, haipatani na habari tulizoachiwa na wale walioionja dhiki yenyewe. Shahidi nitakayemsimamisha mbele yenu jioni hii ni bibi wa Pate, Mwana Kupona binti Mshamu, aliyeutunga utendi wake mwaka 1858, hali ya kuwa mjane na mgonjwa.

Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu, mji ambao katika miaka ya 1840 ulisimama imara mbele ya majeshi ya Sayyid Said, sultani wa Zanzibar. Lakini mzee huyo alipokwisha kufariki, mkewe alibaki na watoto wa kuwatazama, na maradhi ambayo, kama asemavyo mwenyewe, yalikuwa yamemshika hata yakatimiza mwaka. Ndipo alipomwita binti yake asogee karibu, akaagiza wino na karatasi, ili amwandikie wasia utakaokuwa kwake mfano wa hirizi ya kujifunga.

Tungetazamia mtu wa hali ile aanze kwa kulia. Yeye alianza kwa kuusia: kwanza dini, adabu na ulimi wa kweli, kisha mambo ya nyumbani kwa tafsili, kwamba mume akilala asipigiwe kelele bali apepewe, kwamba nyumba iwe nadhifu, na kwamba asumini zitungwe na kutiwa kitandani. Baada ya hayo, pasipo kubadili bahari wala kupunguza mizani zake nane, sauti ile ile iliyokuwa ikitaja asumini inaelekea kwa Mwenyezi Mungu kuomba afya na kusitiriwa, na kuwaombea watoto, ndugu na Waislamu wote. Hakuna ukuta uliojengwa baina ya shughuli na sala.

Wala hakuficha maumivu yake. Wako wanaoamini kwamba subira ni kunyamaza, na kwamba mwenye kulalamika amepungukiwa na imani. Lakini Nabii Yakubu, aliyemlilia Yusufu hata macho yake yakaingia weupe, alimpelekea Mungu mashitaka ya huzuni yake, na juu ya hayo akahesabiwa miongoni mwa wenye subira njema. Ulamaa wamepambanua vizuri: kumnung'unikia Mola mbele ya viumbe ni jambo moja, na kuyapeleka manung'uniko kwake Yeye mwenyewe ni jambo jingine, kwani mtu hapeleki shauri lake ila kwa yule anayemtumaini.

Mtauliza, basi, dua ile ilimfaa nini, ikiwa maradhi hayakumwacha, na kiasi cha miaka miwili baadaye, karibu na mwaka 1860, alifariki dunia? Ni swali la haki, na sitalikwepa. Aliomba afya, na afya hakuipata kama alivyoitaka. Lakini tuna beti 102 mikononi mwetu, na kila mwenye kujua kazi ya kutunga anafahamu kuwa moyo uliotawanywa na hofu hauwezi kuhesabu mizani wala kushika kina kimoja cha kituo tangu mwanzo hata mwisho. Utulivu aliokuwa akiutafuta ulikuwa umekwisha kumfikia alipokuwa angali akiuomba, na alama yake ni kwamba aliweza kufikiri juu ya wengine: juu ya binti yake, na mwishoni juu ya wanawake wote, ambao aliwaita wausome utendi huo.

Kwa hiyo, waheshimiwa, himaya ya Mola haipimwi kwa kuondoka kwa msiba peke yake. Hupimwa pia kwa kazi ambayo mtu anaweza kuifanya msiba ukiwa ungalipo. Na yeyote kati yetu aliyefikwa na dhiki asingoje moyo utulie ndipo aombe, wala asiache kuwausia wanawe na kuwaangalia jamaa zake kwa kisingizio kwamba yumo katika sala.