Safari Yetu ya Mapango ya Suswa: Maneno ya Kamati ya Matembezi



Sisi wa kamati ya matembezi tumepewa dakika chache tueleze safari ya siku moja ya mapango ya Suswa, ambayo mkutano mkuu uliamua iwe sehemu ya kusherehekea miaka kumi ya kikundi chetu. Uamuzi huo ulipotangazwa, wengine walipiga makofi. Wengine walinyamaza. Walionyamaza wanakumbuka, na wana haki.

Miaka minne iliyopita tulikwenda huko huko, tukarudi bila kuliona pango. Tusifichane. Tuliondoka Nairobi tumechelewa kwa ajili ya kungojana. Tulianza kutembea jua likiwa utosini, na maji tukayaacha garini tukisema pango li karibu. Mwenzetu mmoja akaishiwa na nguvu, akaanguka njiani. Gari lilikuwa nyuma yetu mwendo wa saa nzima. Kijana mchungaji ndiye aliyempa maji yake mwenyewe, yote. Mwenzetu alipona, yuko hapa leo, na ndiye wa kwanza kujiandikisha tena! Kosa halikuwa lake wala la dereva. Lilikuwa letu sisi tuliopanga.

Suswa ni mlima wa volkeno katika Bonde la Ufa, wenye kimo cha mita 2,356. Juu hauna ncha. Una shimo pana kama bakuli, na ndani yake bakuli la pili. Mapango yako katika bakuli la nje. Zamani lava ilipotiririka, ya juu ilipoa ikawa jiwe, ya ndani ikaendelea kwenda mpaka ikaisha, ikaacha handaki tupu. Baadaye dari lilibomoka hapa na pale, na matundu hayo ndiyo milango. Unaweza kupita karibu usijue, maana mlango uko chini ya miguu yako, umefunikwa na vichaka. Kwa hiyo safari hii tutakuwa na waongozaji wawili wenyeji, mmoja mbele na mmoja nyuma, na malipo yao yamo katika bajeti.

Tutakwenda mwezi wa saba, wakati wa baridi na ukavu. Kati ya Machi na Mei hatuendi. Nchi ile huchimbwa na mvua. Mnakumbuka Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilivyopasuka karibu na Mai Mahiu ikakata barabara ya Narok.

Gari litaondoka saa kumi na moja alfajiri. Atakayechelewa, jamani, tutamwacha na tutamletea picha. Tutashuka hadi Mai Mahiu, tushike njia ya Narok mpaka mji mdogo wa Suswa, halafu barabara ya vumbi hadi mlimani.

Sasa habari ya maji. Tuko 20 tuliojiandikisha, na kila mmoja ni lita tatu, yaani lita 60. Lita mbili kila mtu atabeba mwenyewe. Lita ya tatu itakuwa katika mtungi wa lita 20, utakaobebwa na vijana wa kukodi, uende nasi hadi mlangoni. Hakuna maji ya kuachwa garini tena, isipokuwa ya kunywa wakati wa kurudi.

Kila mtu awe na tochi na betri za akiba, viatu vya kufunga kamba, kofia, na leso ya kufunika pua. Pango lenye popo wengi hatuingii. Mwaka 1980 na tena 1987, wageni wawili waliotembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, waliugua Marburg wakafariki. Kitum si Suswa, lakini vumbi la kinyesi cha popo huweza kudhuru mapafu popote. Nyani nao tusiwape chakula. Pango moja ndilo chumba chao cha kulala.

Wenye magoti mabaya wasijifiche. Watabaki kivulini pamoja na mmoja wetu, chai na chapati zikiwapo. Na saa nane mchana, tumefika au hatujafika, tunageuka. Mtu yeyote akisema, "Mimi siwezi," tunasimama wote. Hatacheka mtu.

Liko jambo moja tunaomba mkutano ulikubali leo. Huko mlimani hakuna mto. Mvuke wa moto hutoka ardhini, na Wamaasai wametega mabomba juu yake. Mvuke ukipoa huwa matone, na matone hujaza mtungi polepole. Yule kijana alituambia kwamba maji aliyotupa yalitoka huko. Sisi tunaoweka akiba shilingi kwa shilingi tunajua maana ya kumwagia mgeni kilichokusanywa namna hiyo. Siku ile tulimshukuru kwa mdomo, tukaondoka.

Kwa hiyo tumeongeza katika bajeti mitungi mitano ya maji, mbali na yetu, tuipeleke kwa boma lao. Gharama yake ni ndogo. Kama mfuko hautoshi, tupunguze nyama ya sherehe, maji yasipunguzwe. Wanaoafiki watainua mikono Mama Mwenyekiti atakaposimama.

Wale watakaobaki nyumbani wamekubali kutuangalizia watoto, nasi tunawashukuru sana. Tutatoka watu 20, na tutarudi watu 20.