Waya wa Seva Ukikatika-katika



Tuseme wewe ni karani wa shule hapa Butimba. Unapeleka alama za wanafunzi kwenye seva, na mara mawasiliano yanakatika. Usikimbilie kutaka seva mpya. Jaribu jambo moja moja, kwani ukibadili mawili pamoja hutajua lipi limeponya.

Kwanza, tazama taa ndogo penye tundu la waya. Taa ya muungano ikizimika kabisa kisha ikawaka tena, shuku waya au tundu kabla ya programu.

Pili, weka waya mwingine ulio mzima. Ndani yake mna nyuzi 8 za shaba. Kasi ya megabiti 1000 huzitaka zote. Kasi ya 100 hutumia 4 tu. Basi kasi ikishuka hivyo, huenda uzi mmoja umekatika. Tena, waya usizidi meta 100.

Tatu, hamia tundu jingine la swichi. Ugonjwa ukibaki, ndipo uchunguze kadi ya mtandao ya seva.

Waya mbovu ukate vipande, usije ukarudishwa kazini. Na andika daftarini kila ulilofanya, na saa yake. Alama zikifika nusu, mwanafunzi ndiye aumiaye.