Gia Laini Si Lazima Iwe Gia Salama: Mazungumzo kwa Wamiliki wa Magari ya Zamani ya Dizeli



Mazungumzo yetu ya leo yanamhusu mmiliki wa gari la zamani la dizeli lenye tabo na giaboksi ya otomatiki. Magari haya bado yako barabarani: Toyota Land Cruiser Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990 zenye injini ya lita 3, zilizoletwa kwetu kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, na hapa na pale Mercedes-Benz 300 ya miaka ya 1980 yenye injini ya silinda 5.

Malalamiko yake hufanana. Gari linapobadili gia hupiga mshtuko. Au injini hupanda sauti bila gari kuvuta, ndipo gia iingie. Mmiliki akifika gereji, mara nyingi hupewa moja ya majibu mawili. La kwanza: giaboksi imekufa, tafuta nyingine. La pili: acha tuirekebishe kidogo iwe laini. Tunapenda kueleza kwa nini yote mawili yanaweza kumtia hasara, na ni mambo gani ayadai kabla ya kutoa fedha.

Ndani ya giaboksi ya otomatiki mna klachi kadhaa ambazo hubanwa kwa shinikizo la mafuta. Injini ikifanya kazi kidogo, shinikizo dogo linatosha, na gia huingia kwa upole. Injini ikibeba mzigo mkubwa, shinikizo sharti lipande ili klachi zisiteleze. Kwa hiyo giaboksi inahitaji kuarifiwa wakati wote injini inabeba mzigo kiasi gani. Katika magari ya zamani taarifa hiyo hupelekwa kwa njia nyepesi sana, nayo huharibika kabla ya giaboksi yenyewe.

Katika Mercedes-Benz tuliyoitaja, mjumbe ni nguvu ya ombwe, ambayo mafundi huiita vakyumu. Injini ya dizeli haizalishi ombwe la kutosha yenyewe kama ifanyavyo injini ya petroli, hivyo huwekewa pampu maalumu. Valvu iliyoko kwenye pampu ya nozeli hupunguza ombwe kadiri dereva anavyokanyaga mafuta, na kifaa chenye kiwambo kilichofungwa kwenye giaboksi hupokea taarifa hiyo. Ombwe likivuja, giaboksi hudhani kwamba injini imeelemewa, hupandisha shinikizo, na gia huingia kwa kishindo. Ombwe hilohilo huzima injini na kufunga milango. Ndiyo maana mpira uliopasuka ndani ya mlango unaweza kuonekana kama ugonjwa wa giaboksi. Ikiwa injini haizimiki mara unapogeuza ufunguo, au kufuli za milango zimekuwa nzito, mweleze fundi. Hiyo ni dalili ya kwanza ya kufuatilia.

Katika Toyota nyingi za kundi hili, mjumbe ni kebo nyembamba inayotoka kwenye mfumo wa kanyagio la mafuta hadi kwenye giaboksi. Kipimo cha kawaida cha Toyota ni hiki: kanyagio likiwa limekanyagwa hadi mwisho, nafasi kati ya kizuizi kilichobanwa juu ya kebo na mwisho wa ganda lake iwe kati ya milimita 0 na 1. Kebo ikivutwa kupita kiasi, gia huingia kwa kishindo. Ikilegea, gia huingia kwa ulaini.

Hapa ndipo tunapoomba usikivu wenu. Ulaini huo hupendeza, na mteja huondoka akimshukuru fundi. Lakini kebo iliyolegezwa hupunguza shinikizo, na klachi iliyobanwa kwa shinikizo dogo huteleza, hupata joto na kuungua. Injini yenye tabo huongeza hatari hiyo, kwa sababu nguvu yake huja kwa wingi tabo inapoanza kusukuma hewa, hasa mlimani au gari likiwa na mzigo. Basi gia iliyolainishwa kwa kubahatisha inaweza kuwa ndiyo inayoiua giaboksi iliyokuwa nzima. Lengo la marekebisho ni kurudisha kipimo cha mtengenezaji. Upole wa gia ni matokeo ya kipimo hicho, na hauwezi kuwa badala yake.

Jibu la kununua giaboksi nyingine nalo lina mtego wake. Giaboksi iliyotumika itafungwa kwenye kebo ileile au mpira uleule unaovuja. Mteja atakuwa amelipa fedha nyingi, na kishindo kitarudi palepale. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa mtu hujenga ukuta, na ufa akauacha.

Kwa sababu hiyo tunashauri ukaguzi ufuate utaratibu huu, kuanzia kwenye gharama ndogo.

Kwanza, mafuta ya giaboksi. Yapimwe gari likiwa mahali tambarare, injini ikiunguruma, gia ikiwa kwenye P, na mafuta yakiwa na joto la nyuzi 70 hadi 80. Mafuta meusi yenye harufu ya kuungua ni ushahidi kwamba klachi zimeanza kuharibika, na hapo hakuna marekebisho ya nje yatakayoziponya.

Pili, vitu vinavyoiga ugonjwa wa giaboksi: mipira ya injini iliyokatika, krosi za propela zilizolegea, na injini inayozunguka kwa kasi kupita kiasi ikiwa haijakanyagwa mafuta. Kila kimoja huleta mshtuko.

Tatu, mjumbe mwenyewe. Kebo ipimwe, au ombwe lipimwe kwa geji. Fundi anayegeuza skrubu bila kupima anabahatisha kwa mali yako.

Nne, na baada ya hayo tu, ndipo uzungumziwe ufunguaji wa giaboksi.

Mteja naye ana wajibu wake. Muombe fundi aandike tatizo alilolikuta, kipimo kabla ya kazi na kipimo baada ya kazi. Kabla skrubu au kebo haijaguswa, iwekewe alama ya mahali ilipokuwa, ili iweze kurudishwa. Kubaliana bei kwa maandishi kabla ya kulipa malipo ya awali. Dai risiti ya kielektroniki. Kipuri kikibadilishwa, omba kile cha zamani. Kisha fanyeni jaribio la barabarani pamoja, pakiwemo na mlima, kwa kuwa gia inayopita vizuri mtaani inaweza kuteleza kwenye mwinuko. Ikiteleza, usiendelee kuendesha kwa kutumaini kwamba itazoea.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara. Kumwambia mtu kwamba giaboksi yake imekufa ilhali hakuna kilichopimwa ni jambo linaloweza kulalamikiwa. Lakini malalamiko hujengwa juu ya ushahidi, na ushahidi wa mteja wa gereji ni karatasi: maelezo ya tatizo, vipimo, makubaliano ya bei na risiti. Bila hivyo hubaki maneno ya mteja dhidi ya maneno ya fundi.

Hatusemi haya kwa kuwashuku mafundi. Wapo wengi wanaopima kabla ya kugusa, nao hupoteza wateja kwa wale wanaoahidi ulaini wa papo hapo. Mteja anayeuliza "umepima nini?" anailinda mali yake, na anampa kazi fundi anayestahili.