Tone la Damu na Plastiki Isiyopenda Maji



Mchana mmoja wa kiangazi, dereva mwenyeji wa Mombasa, mgonjwa wa kisukari, alinionyesha kopo la vijiti vya kupimia sukari alilokuwa ameliacha garini, nyuma ya kioo cha mbele. Alijichoma kidole na kukigusisha kijiti, lakini tone la damu lilibaki mlangoni lisiingie, na mashine ikaonyesha alama ya hitilafu. "Je, damu yangu imekuwa nzito?" aliniuliza. Nilimjibu kwamba kabla ya kuishuku damu, tukishuku kijiti.

Kijiti hicho ni plastiki, aghalabu poliesta, na plastiki kwa asili yake haipendi maji: tone huviringika juu yake mithili ya mvua juu ya jani la gimbi. Hata hivyo, kijiti cha siku hizi hutakiwa kuvuta damu isiyofika sehemu moja ya milioni ya lita, kupitia mfereji mwembamba, hadi kwenye kimeng'enya kinachoitambua sukari. Hakuna pampu, damu huvutwa na kuta za mfereji zenyewe.

Ili kuta hizo ziipokee damu, baadhi ya viwanda hutumia plazma. Hii si plazma ya damu, bali ni hali ya nne ya maada, baada ya yabisi, kimiminika na gesi. Mwanakemia wa Marekani, Irving Langmuir, ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1928. Kiwandani, gesi kama oksijeni hupitishiwa umeme hadi ing'ae. Chembe zake huushambulia uso wa plastiki, huvunja vifungo vya juu kabisa na kupachika oksijeni. Umbo la plastiki halibadiliki, lakini maji sasa hutandaa badala ya kuviringika.

Neema hiyo haidumu milele. Uso wa plastiki hurejea polepole katika tabia yake ya zamani, na joto huharakisha marejeo hayo. Kimeng'enya nacho hudhoofishwa na joto na unyevu. Ndiyo maana makopo mengi huandikwa kwamba vijiti visihifadhiwe penye joto la zaidi ya nyuzi 30. Kiangazi cha Doha hupita nyuzi 40, na ndani ya gari lililofungwa joto huzidi hapo.

Alama ya hitilafu ni afadhali, kwani huonekana. La kuhofiwa ni tarakimu isiyo sahihi, ambayo mgonjwa huiamini na kujidunga insulini kwayo.

Basi, msikilizaji, uwe Muscat, Kigoma au Lamu, itazame tarehe ya mwisho, lifunge kopo mara utoapo kijiti, wala usiliache garini au karibu na jiko. Dereva wetu alinunua kopo jipya. Siku hizi huteremka nalo mfukoni kila anapoegesha gari.